Madarasa Mawili, Mlango Mmoja

Ifikapo Januari 2028 shule za sekondari za nchi hii zitakabiliwa na jambo kubwa. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024, wakaanza mtaala mpya, watakuwa wamemaliza elimu ya msingi katika darasa la sita. Kaka na dada zao waliowatangulia kwa mwaka mmoja, ambao walibaki katika utaratibu wa zamani, watakuwa wamemaliza katika darasa la saba. Makundi yote mawili yatamaliza mwaka 2027, na yote mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza siku ile ile.

Mtoto wa Etaro, wa Kibara au wa Buhemba hatakuwa na kosa lo lote katika hesabu hiyo. Yeye amesoma alipoambiwa asome, na amevuka darasa alipoambiwa avuke. Wanaopaswa kujibu ni watu wazima, na kwa kadiri tuonavyo, swali linaloulizwa katika halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama ni moja tu: vyumba vya watoto hawa vitajengwa kwa fedha ya nani?

Hatuna ugomvi na sera yenyewe. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, ambayo Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua mjini Dodoma tarehe 1 Februari 2025, imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Kwa miaka mingi taifa hili limekuwa likimwacha mtoto wa miaka 13 au 14 njiani, hajui kazi wala hana umri wa kuifanya, akirudi kijijini kuvua dagaa au kuchunga ng'ombe wa baba yake. Sera inayokataa jambo hilo inastahili kuungwa mkono, nasi twaiunga mkono bila kusita.

Lakini neno "lazima" ni neno zito. Likimwelekea mzazi, maana yake ni kwamba atashitakiwa asipompeleka mtoto shuleni. Likimwelekea mwenye shule, maana yake ni kwamba hana tena ruhusa ya kusema nafasi zimejaa.

Na mwenye shule ni nani? Wizara ya Elimu huandika sera na mitaala. TAMISEMI husimamia. Mfuko umo mkononi mwa Hazina. Mishahara ya walimu hutoka Serikali Kuu, na mwalimu hupangwa na kuhamishwa kwa utaratibu ambao baraza la madiwani halina sauti kubwa ndani yake. Halmashauri, ambayo tangu 2009 imekabidhiwa pia shule za sekondari juu ya zile za msingi, inabaki na paa, vyoo, madawati na lawama. Mvua ikiezua bati pale Suguti, wananchi hawaandiki barua Dodoma. Wanakwenda kwa diwani wao, naye hana mlango wa nyuma wa kutokea.

Si mara ya kwanza mambo kuwa hivi, na yafaa wasomaji wetu wa mkoa huu wakumbuke habari hiyo, maana sehemu yake kubwa ilitokea nyumbani kwao. Shule ya Mwisenge, aliyoingia Mwalimu Nyerere mwaka 1934 akitokea Butiama, ilihesabiwa miongoni mwa shule za utawala wa wenyeji. Nyingine zilikuwa za misheni. Shule hizo zilikuwa chache mno, na hatuutamani hata kidogo wakati ule ambapo mtoto mmoja alisoma na kumi wakabaki. Lakini kila mtu alijua mlango wa kugonga bati likivuja. Baada ya Uhuru halmashauri za wilaya ziliendelea kubeba shule za msingi kwa kodi zao mpaka mzigo ukazielemea, na kufikia mwaka 1969 Serikali Kuu ikaanza kuutwaa mzigo huo pamoja na kodi zenyewe. Mwaka 1972, kwa mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zikafutwa kabisa.

Kwa hiyo Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilipokutana hapa Musoma mwezi Novemba 1974 na kutoa Azimio la Musoma, kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe na nafasi ya elimu ya msingi, hapakuwa na halmashauri ya wilaya hata moja ya kuulizwa una vyumba vingapi. Mipango ya awali ilikuwa imelenga mwaka 1989. Azimio lilivuta tarehe hiyo mbele kwa zaidi ya miaka kumi.

Matunda yake hayawezi kukanwa na mtu mwenye haki. Watoto wa shule za msingi walikuwa kiasi cha milioni 1.2 mwaka 1974. Kufikia mwaka 1980 walikuwa wamepita milioni 3. Wanavijiji walifyatua matofali, wakachota maji ziwani, wakasimamisha kuta. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakiwa tayari wamesimama mbele ya wanafunzi, na mpaka leo wazee huwaita walimu wa UPE, wengine kwa heshima, wengine kwa kebehi isiyostahili. Wengi wa wazazi wetu wa leo walijifunza kusoma kutoka kwa watu hao.

Kilichokosekana ni fedha za mwaka wa pili, na wa tatu, na wa kumi. Kuta zilisimama bila sakafu, vitabu vikawa kimoja kwa benchi zima, na hali ya uchumi ilipoharibika wazazi wakatakiwa tena kuchangia katika miaka ya 1980. Taifa lililokuwa limewaandikisha karibu watoto wote mwanzoni mwa miaka hiyo likajikuta katika miaka ya 1990 na uandikishaji usiofika asilimia 80. Halmashauri za wilaya zilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, zikaanza kazi mwaka 1984, na zikarithi majengo ambayo hazikuyapanga.

Tangu hapo tumeona jambo hilo likijirudia kwa sura mbalimbali. MMEM ilianza mwaka 2002, baada ya ada ya shule za msingi kufutwa, na madarasa yakafurika. Kisha zikaja sekondari za kata: shule za sekondari nchini, za serikali na za binafsi pamoja, zilikuwa 1,745 mwaka 2005 na zikafika 3,485 mwaka 2007. Walimu wakatafutwa kwa haraka iliyowapa jina la utani tusilopenda kulirudia hapa. Ukaja Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 na elimu bila malipo kuanzia Januari 2016. Walioandikishwa darasa la kwanza wakaruka kutoka kiasi cha milioni moja na nusu mwaka 2015 hadi kupita milioni mbili mwaka 2016. Kila mwenye kalamu angeweza kuhesabu siku ile kwamba watoto hao wangefika kidato cha kwanza mwaka 2023. Hata hivyo vyumba 8,000 vya kuwapokea vilijengwa nchini kote katika miezi ya mwisho ya 2022, mbio mbio, mafundi wakilala kwenye majengo. Miaka miwili kabla ya hapo, Desemba 2020, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilazimika kuagiza mikoa ikamilishe madarasa kabla Februari 2021 haijaisha, kwa kuwa watoto waliofaulu walikuwa wamekosa pa kukaa.

Twasema haya si kwa kuwabeza waliojenga. Mkopo wa wakati wa UVIKO-19 mwaka 2021 ulileta vyumba 15,000 kwa mara moja, 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, kila kimoja kwa shilingi milioni 20, na yeyote aliyepita vijijini ameviona. Miradi ya SEQUIP na BOOST imeongeza vingine. Lakini fedha hizo zote zilikuja kwa mkupuo, kutoka mbali, zikiwa na tarehe ya mwisho. Kati ya mkupuo mmoja na mwingine halmashauri hukaa na mfuko wake wenyewe, na mfuko huo hauna budi kutazamwa ndani.

Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003. Ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016. Ushuru wa mazao ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima wa pamba wa Bunda alishukuru, na alikuwa na haki ya kushukuru, kwa kuwa alikuwa akitozwa hata mwaka ambao bei haikumrudishia gharama ya dawa. Sisi hatuombi kodi hizo zirudi kama zilivyokuwa. Twataka tu ijulikane kwamba kila zilipopunguzwa, mwananchi alipata nafuu aliyoiona, na shule yake ikapata hasara ambayo hakuiona siku ile.

Katika kinachobaki, sheria inatenga asilimia 10 kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na maagizo yanataka asilimia 40 au 60 ya mapato ya ndani, kwa kadiri ya ukubwa wake, iende kwenye maendeleo. Ni maagizo mema. Katika asilimia hiyo ya maendeleo zahanati inagombania, barabara ya kijiji inagombania, na shule inagombania. Halmashauri yenye mgodi mkubwa, kama ile ya Tarime, ina pa kuegemea. Butiama haina mgodi wa namna hiyo. Manispaa ya Musoma ilitegemea viwanda vya samaki na kile cha nguo cha MUTEX, navyo vimepita katika miaka migumu. Halmashauri ya Wilaya ya Musoma ina ziwa, na mtu huweza kudhani ziwa ni mali. Lakini ushuru wa mwalo hupanda na kushuka kama samaki wenyewe.

Tena kuna ruzuku. Wakati wa MMEM iliwekwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na 25,000 kwa wa sekondari. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, viwango vikabaki vile vile. Mwaka 2002 shilingi 10,000 ilikuwa karibu sawa na dola 10 za Marekani. Sasa haifiki dola 5. Katika hizo 10,000, sehemu ya vitabu hubaki juu, na 6,000 ndizo zinazofika shuleni. Chukua shule yenye watoto 700, jambo la kawaida kabisa katika mkoa huu. Itapata shilingi 4,200,000 kwa mwaka, yaani 350,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, michezo, na matengenezo. Mlinzi hamo. Mpishi wa uji hamo. Bila shaka ni jambo jema kwamba fedha hiyo huenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule bila kupita mikononi mwa wengi. Lakini njia fupi haiongezi kilichomo ndani ya bahasha.

Zamani pengo hilo lilizibwa kwa michango. Januari 2018 Rais John Magufuli aliipiga marufuku, kwa kuwa watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa ajili ya deni la mzazi, aibu ambayo hakuna anayetaka irudi. Ikafafanuliwa baadaye kwamba mwalimu asiguse mchango, na anayetaka kutoa kwa hiari ampelekee mkurugenzi wa halmashauri. Tangu siku hiyo mwenyekiti wa kijiji hajui sawasawa asimame wapi. Akiitisha msaragambo wa mchanga na mawe, yupo atakayemshitaki kwamba anachangisha. Asipoitisha, darasa halipandi. Katika Jimbo la Musoma Vijijini wananchi wameendelea hata hivyo kujenga kwa nguvu zao, na Profesa Sospeter Muhongo, aliyechaguliwa mbunge huko mwaka 2015, amelifanya jambo hilo kuwa wimbo wake wa kila siku. Wameonyesha kwamba moyo upo. Ila moyo wa kujitolea haugawanyiki sawa: kijiji chenye watoto wake waliofanikiwa mijini hupata saruji haraka, na kijiji kisicho na mtu Dar es Salaam hubaki na msingi unaoota nyasi. Elimu ya lazima haiwezi kusimama juu ya bahati ya namna hiyo.

Sasa turudi kwenye hesabu ya 2028. Mkoa wa Mara ulikuwa na watu 1,743,830 katika sensa ya mwaka 2012, na 2,372,015 katika ile ya 2022. Ni ongezeko la asilimia 36 kwa miaka kumi, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni watoto. Shule ya kata ambayo kwa kawaida hupokea 200 kidato cha kwanza, ikipokea makundi mawili yanayolingana, itapokea 400. Kwa watoto 50 katika chumba kimoja, ni vyumba vinne zaidi. Kwa bei ya mwaka 2021 ni shilingi milioni 80, kabla hujaweka choo, maabara, wala nyumba ya mwalimu. Hiyo ni shule moja. Na tusisahau kwamba kundi hilo la mara mbili halitayeyuka Desemba 2028. Litakwenda kidato cha pili 2029, cha tatu 2030, cha nne 2031. Mwalimu wa hisabati ambaye leo hatoshi, atahitajika mara mbili katika darasa moja kwa miaka minne mfululizo.

Lipo jambo ambalo hatujalisikia likisemwa vya kutosha. Mwaka ule ule wa 2028 shule za msingi zitakuwa zimepoteza darasa la saba, wala halitarudi. Kila shule ya msingi itabaki na chumba au vyumba ambavyo darasa hilo lilikuwa likivitumia. Nyingine zitavimeza mara moja, maana watoto wao wamerundikana 100 katika chumba. Lakini zipo ambazo zitapata nafasi, na baadhi yake zimepakana na sekondari, uzio mmoja unazitenga. Je, halmashauri itaruhusiwa kuweka kidato cha kwanza katika vyumba hivyo kwa miaka ya msongamano? Swali hili haliwezi kujibiwa kwa waraka mmoja wa nchi nzima. Lazima lijibiwe na mtu anayejua kwamba shule hii na ile zinatenganishwa na korongo lisilovukika masika, au kwamba kisiwa cha Rukuba ni sehemu ya kata ya Etaro katika makaratasi lakini katika maisha ya mtoto kuna maji katikati. Mtoto anayemaliza darasa la sita ana umri wa miaka 11 au 12. Umbali ambao kijana wa 15 huutembea kwa ubishi, huyu hauwezi, na wazazi wa mabinti wanajua vizuri zaidi kuliko sisi yanayomngoja binti njiani au katika chumba cha kupanga.

Mkondo wa amali nao una gharama zake. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 tumekuwa tukisema mtoto ajifunze kazi ya mahali pake. Kwa Bunda na Butiama hiyo ni kilimo, ufugaji, uvuvi, useremala, ufundi wa pikipiki. Karakana yenye mashine moja mbovu si amali. Ruzuku ya 25,000 haikubuniwa kununua randa, nyavu wala mbegu, na mtu asidanganyike kwamba itatosha kwa sababu tu somo limebadilishwa jina.

Hatutaki kuonekana kana kwamba halmashauri ni malaika wanaoonewa. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja mwaka baada ya mwaka, katika halmashauri mbalimbali za nchi, fedha zilizokusanywa kwa mashine na zisifikishwe benki. Wapo madiwani waliovuta shule iende upande wa wapiga kura wao hata ikasimama mahali pasipo na watoto. Wapo wakurugenzi wanaosubiri simu ya Dodoma ndipo wahesabu watoto wa kata zao. Halmashauri itakayodai fedha bila kuonyesha hesabu ya darasa la tano na la sita, shule kwa shule, pamoja na vyumba vilivyopo na vinavyopungua, haitakuwa na haki ya kulalamika.

Lakini halmashauri itakayoonyesha hesabu hiyo inastahili jibu lenye tarakimu. Hazina na TAMISEMI ziiambie Bunda na Butiama mapema ni shilingi ngapi zitakuja kwa ajili ya 2028, lini, na kwa shule zipi. Kisha ziache baraza la madiwani lipange lipi lianze. Viwango vya ruzuku vipimwe upya kwa bei za leo. Mwenyekiti wa kijiji apewe maandishi yasemayo wazi mchango wa hiari ni upi na wa kulazimisha ni upi, asije akaogopa kuitisha watu wabebe mawe. Mwalimu Nyerere aliliambia taifa mwaka 1969 kwamba kupanga ni kuchagua, na halmashauri isiyojua kilichomo mfukoni haiwezi kuchagua kitu.

Muda si mrefu kama unavyoonekana katika kalenda. Bajeti ya mwisho kabla ya watoto hawa kufika ni ile ya 2027/28, ambayo fedha zake hazitaanza kutoka kabla ya Julai 2027. Kutoka Julai hadi siku ya kufungua shule ni miezi sita. Kuanzia Oktoba mvua za vuli huanza kunyesha katika Majita na ukanda wote wa ziwa, na lori la saruji lililokwama Oktoba huweza kukaa hapo hadi Krismasi.